Akse Aliyoifunga Paul

Mlio mmoja tu. Ufunguo wa chuma ulikaza nati hadi mwisho, ukatoa sauti kavu, fupi, kama mtu anayevunja mfupa mdogo kwa meno, kisha kimya. Fiacre aliusikia akiwa amekaa mlangoni anavua viatu, jua likiegemea mabati ya Rwambuzi. Hakugeuka. Mtoto wake mkubwa, Paul, alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki ya mbio, na mlio ule ulikuwa na maana moja: akse imekaa. Fundi hageuki kutazama kazi iliyokaa. Angejua ni jioni ya mwisho, angegeuka.

Pikipiki yenyewe haikuwa ya kazi. Ilikuwa ya Kijapani, ya zamani, iliyovuka ziwa ikiwa vipande na kupandishwa hadi Bunia juu ya lori, kwa njia ya Bogoro, ikiwa imelazwa kati ya mafungu ya samaki wakavu. Kwa muda mrefu baada ya kufika ilinuka samaki kila injini ilipopata joto. Paul aliinunua hivyo hivyo. Yeye na baba yake waliiunga siku za Jumapili, baada ya ibada, bila haraka, kama watu wanaojenga nyumba ambayo hakuna anayesubiri kuhamia.

Nyuma ya injini ya kila pikipiki upo mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Mkono huo hupanda na kushuka kadiri barabara inavyopanda na kushuka, na pale unapoungana na kiunzi, yaani kadre, hupitishiwa nondo nene ya duara. Mafundi wa Bunia huiita akse, kwa Kifaransa chao. Akse ikikaa juu kidogo au chini kidogo, mpita njia hawezi kuona tofauti. Lakini dereva anayetoka kwenye kona huku anafungua gazi kuongeza mwendo huiona, na huiona kwa makalio.

Fiacre alizaliwa katika kijiji cha milimani, mbele ya Iga Barrière, katika ukoo wa watu wa mihogo na maharage. Kazi ya ufundi aliianza kwa baiskeli za jirani, akaendelea na pikipiki pale pikipiki zilipofika. Vita vilipowafukuza alishuka Bunia na sanduku la funguo kichwani. Mkewe Geneviève alimbeba mgongoni Orly, mtoto wao mdogo, na Paul, aliyekuwa bado wa shule ya msingi, alibeba kuku mmoja aliyekataa katakata kuachwa. Walitafuta pa kukaa, wakapata Rwambuzi, na kando ya njia Fiacre akasimamisha nguzo nne na bati. Kuku yule aliishi miaka mingi kuliko walivyotazamia.

Vijana wa pikipiki walimpenda, na walimcheka. Walimwita Papa Kilo. Mtu akimletea pikipiki yenye mkia uliolegea, Fiacre hakuanza na pikipiki. Alianza na mtu.

"Unabebaka nini?" aliuliza.

"Maziwa, Papa. Natokaka Bogoro kila asubuhi."

"Bidoni ngapi? Nenda uzilete. Zijaze maji kama maziwa imeisha."

"Papa Kilo, nilikuja kutengeneza piki, sikuja kuteka maji."

"Piki yako haina shida. Shida ni bidoni zako."

Na kijana alikwenda, akarudi na mabidoni yake, madumu ya plastiki yaliyojaa, akakaa juu ya pikipiki mbele ya watu wote huku Fiacre akipima kwa utepe toka akse ya gurudumu hadi chini ya kiti. Aliyebeba makaa alipimwa na makaa. Aliyebeba watoto wa shule alipimwa na watoto, nao walifurahi kupita kiasi. Mwanamke mmoja, Bibiane, aliyekodi kijana wa kumpeleka sokoni na mafurushi yake ya bidhaa, alipimwa naye pia, na alisema hajawahi kuona fundi mwenye adabu mbaya namna hiyo, kisha akawa anamtumia wateja. Hakuna pikipiki iliyotoka chini ya bati lile bila Fiacre kujua uzito wa atakayeikalia. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na hakuwa na nyingine.

Paul alikuwa mzito. Alikuwa na mwili kama mlango, mabega ya kupitia upande, na sauti laini isiyofanana na mwili ule. Siku za kazi alibeba abiria. Jumapili mchana alikwenda Sirkwi. Hapo palikuwa zamani ua wa kampuni ya barabara, nje kidogo ya mji. Walikuwa wamemwaga lami ya majaribio, wakaizungusha zungusha, kisha kampuni ikaondoka na lami ikabaki. Vijana wakapanga matairi yaliyopakwa chokaa, wakapaita Sirkwi, na wakawa wanashindana humo bila kombe, bila tuzo, mradi upite wa kwanza na usikilize wengine wakitafuta visingizio.

Paul kila mara alipoteza mahali pamoja. Alipotoka kwenye kona na kufungua gazi, mkia wa pikipiki uliketi chini ya uzito wake, gurudumu la mbele likawa jepesi, na pikipiki ikapanuka kwenda nje kana kwamba imesahau kona ilikuwa wapi.

"Akse iko chini sana kwako," Fiacre alimwambia. "Tuipandishe. Ikipanda, cheni ikivuta, mkia hautaketi tena. Utasimama."

"Na kadre tutaikata?"

"Hatukati kitu. Tunakwenda kwa Dominique."

Dominique alikuwa na mashine ya kuchonga vyuma karibu na soko, rafiki wa Fiacre tangu siku za kwanza za ukimbizi, mtu mwenye mdomo mkali na mikono mitulivu. Aliwachongea vipande viwili vya duara, kimoja cha kila upande wa kiunzi, na tundu la akse akalitoboa pembeni badala ya katikati. Ukikigeuza kipande ili tundu litazame juu, akse inapanda. Ukikigeuza litazame chini, akse inashuka. Tofauti ilikuwa unene wa kidole kidogo cha mtoto.

"Ni hii tu?" Paul aliuliza, akikigeuza kipande kiganjani.

"Ni hii tu," Dominique alisema. "Ungepunguza kula fufu, hata hii isingehitajika."

Jioni ile waligeuza matundu yakatazama juu, Paul akaikaza nati mwenyewe, na Fiacre akausikia ule mlio.

Kesho yake Paul alichukua pikipiki ya kazi, akampakia mteja wa Iga Barrière. Njiani kulikuwa na watu wenye bunduki. Hayo ndiyo yote familia ilijua, na baada ya muda iliacha kuuliza, kwa sababu kila jibu jipya lilimuua upya. Walimrudisha juu ya gari la mizigo, amefunikwa kitenge cha mwanamke asiyejulikana. Geneviève alikifua kitenge kile, akakipiga pasi, akakikunja. Hakuna aliyekuja kukidai.

Pikipiki ya mbio ilibaki uani chini ya turubai. Haikuwa imepigwa hata mzunguko mmoja tangu akse ipandishwe. Miezi yote ya matanga Fiacre aliipita akienda na kurudi, na kila mara alikwenda upande ule ambao nati haionekani.

Siku ya kuondoa matanga watu walikaa uani, wakala, wakaomba, na vitu vya marehemu vikagawanywa kama desturi inavyotaka. Koti lilikwenda kwa mjomba. Redio ilikwenda kwa Geneviève, ambaye hakuiwasha. Fiacre akasimama mwisho.

"Piki ya mbio ni ya Orly," alisema. "Lakini akse ibaki pale iko. Ni Paul aliifunga. Mutu asiiguse."

Siku ya kuondoa matanga mtu habishani na baba wa marehemu. Dominique peke yake alikunja uso, akamtazama Orly kuanzia miguuni hadi kichwani, kama mtu anayepima kwa macho, halafu akatazama sahani yake.

Maana Orly alichukua mwili wa mama yake. Alikuwa kijana mwembamba, wa vidole virefu, fundi wa simu sokoni, na ukimweka kwenye mzani pamoja na viatu vyake asingefika robo tatu ya uzito wa kaka yake. Mbio hazikuwa zake. Alikuwa yule anayekaa juu ya matairi na kushika koti la Paul. Lakini baada ya matanga alianza kwenda Sirkwi na ile pikipiki, na Fiacre alipomuuliza anatafuta nini huko, Orly aliigeuza kofia ngumu ya pikipiki mikononi.

"Ndani ya kaske, Papa, hakuna mutu anakuuliza kama ulilala muzuri."



Jumapili ya kwanza Orly alirudi polepole. Ya pili alirudi suruali imechanika gotini. Aliiegemeza pikipiki ukutani, akaketi karibu na baba yake, akasema kwa heshima, kama mteja.

"Papa, iko inakuwa ngumu nyuma. Nikitoka kona, nikifungua gazi, mkia unasimama kama meza. Haukunjike. Na pale lami iko na mabonde, tairi inaruka ruka, inaachia."

Fiacre alijua kabla Orly hajamaliza. Angeweza kulieleza kwa mtoto wa shule. Mtu mwepesi haibonyezi springi, kwa hiyo mkono wa nyuma unaning'inia mrefu. Akse iko juu. Cheni ikivuta, inaunyoosha mkono zaidi, na mkia unakuwa ubao. Tairi lisilokunjika kwenye bonde huruka, na tairi linaloruka halishiki kitu. Dawa yake ilikuwa kazi ya asubuhi moja: fungua nati, toa akse, geuza vile vipande viwili matundu yatazame chini, funga.

"Legeza springi," alisema.

"Nililegeza."

"Legeza tena."

Orly alimtazama baba yake, akaitika, akalegeza tena. Haikusaidia.

Maneno yalimfikia Dominique, kama maneno yanavyofika kwenye karakana zote. Akaja chini ya bati mchana mmoja, akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Papa Kilo, siku hizi unapima nini? Hewa?"

"Napima kazi yangu."

"Yule wa maziwa ulimurudisha nyumbani alete bidoni zake. Mutoto wako unamuacha juu ya piki ya mutu mwingine."

"Si mutu mwingine."

Dominique alikuwa mtu wa utani, na aliona kwamba utani umegonga mahali pasipotakiwa. Alisugua magoti yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuja Jumamosi kusaidia, kwamba ni jambo dogo, kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeshika ufunguo kama Fiacre hawezi. Fiacre alisema Jumamosi ana kazi nyingi.

Hakuwa na kazi nyingi. Alikuwa na wazo, na wazo hilo lilitoka katika kazi yake yote ya kando ya njia, katika mabidoni na makaa na watoto wa shule. Kwa maisha yake yote alikuwa ameona pikipiki ngumu nyuma zikitulia mara mzigo ulipowekwa. Pikipiki ya Paul haikuwa na kosa. Ilikosa mzigo wake tu. Basi Jumamosi alikwenda mtoni na gunia, akalijaza mchanga, akalipima kwenye mzani wa muuza mkaa, akapunguza, akaongeza, hadi gunia pamoja na Orly wakawa sawasawa na Paul. Alimwomba Geneviève amshonee mdomo wa gunia. Geneviève alishika sindano, akaelewa ni la nini, akairudisha sindano mezani.

"Fiacre."

"Ni mchanga tu."

"Mmoja tulimuzika. Sasa uyu mwingine unamufunga kaka yake mugongoni."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akaingia jikoni. Fiacre alilishona gunia mwenyewe, mishono mikubwa ya fundi.

Orly angeweza kukataa. Alilitazama gunia, akamtazama baba yake aliyelipapasa kama mtu anayemlaza mtoto, na akasema, "Bon. Tujaribu." Wakalifunga juu ya mkia kwa mipira ya ndani ya tairi, kama watu wanavyofunga mizigo kila siku kwenye barabara zote za Ituri. Fiacre alipima. Vipimo vilikuwa vile vile vya Paul, bila kupungua. Kwa muda mfupi alijisikia kama mtu aliyerudishiwa kitu.

Pale Sirkwi vijana walikuwa na la kusema.

"Orly, simenti unaipeleka wapi?"

"Iko anajenga."

Bruno, mropokaji wao, akaongeza: "Mteja wako mbona hana kichwa?"

Wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana kila mmoja alikumbuka. Bruno alivua kofia yake, akaivaa tena, akaanza kutafuta kitu mifukoni.

Orly alizunguka mara ya kwanza taratibu, na mkia ulitulia. Fiacre, amesimama kwenye kona ya makontena yaliyoachwa na kampuni, aliona jinsi gurudumu la nyuma lilivyopanda na kushuka vizuri juu ya mabonde, laini, kwa utii. Alitikisa kichwa akikubali. Orly naye aliona, akaongeza mwendo. Safari iliyofuata aliingia kona kwa nguvu ya mbio za kweli, akainamisha pikipiki huku goti likikaribia lami, na gunia, ambalo halikuwa na goti wala mikono ya kujishikia, likabaki nyuma ya uamuzi wake. Mtu huinama na pikipiki. Mchanga hauinami. Ulisogea ndani ya gunia, ukaenda upande wa nje, ukaivuta pikipiki isimame katikati ya kona, na gurudumu la mbele, lililokuwa limeshapunguziwa mzigo, likaachia.

Gunia lilipasuka. Fiacre alikimbia. Baadaye alijiuliza, na swali hilo hakumwambia mtu, kwa nini katika hatua zile za kwanza macho yake yalikwenda kwenye mchanga uliomwagika, kabla ya kwenda kwa mtoto aliyelala.

Ilikuwa mtulinga, mfupa wa bega. Ulivunjika, na ngozi ya mkono ikachubuka kwa urefu, na hakuna kingine. Daktari alisema kijana ana bahati. Geneviève, aliyekuwa amekaa upande wa kichwa cha kitanda, hakumtazama mumewe wala daktari. Fiacre alisimama mguuni pa kitanda na kofia mkononi, akisubiri. Alikuwa tayari kwa neno lolote. Alilihitaji.

"Gunia halikuwa na shida, Papa," Orly alisema. "Ni miye nilifungua gazi mbio."

Ilikuwa uongo, na wote watatu waliujua, na uongo ule ulimwingia Fiacre kuliko tusi. Ni namna mtu anavyozungumza na mgonjwa. Mtoto wake aliyevunjika alikuwa anamwuguza yeye.

Alitoka nje, akasimama kwenye ukuta wa hospitali ambapo wanawake walikuwa wanapikia wagonjwa wao, katika moshi, ambapo mtu yeyote anaweza kuwa na machozi bila kueleza. Huko ndiko alikoliona waziwazi, kama mtu anavyoona nati iliyolegea baada ya kuitafuta siku nzima. Tangu matanga yaishe, kila alipomtazama Orly juu ya pikipiki ile, alikuwa anatazama kilichopungua. Alipima kilo zisizokuwepo. Orly alikuwa ameketi pale na kilo zake mwenyewe, zote, akisubiri mtu azipime.

Wiki zilipita. Bega lilianza kushika. Geneviève alimwosha Orly nywele kwa sababu mkono mmoja hautoshi, na wakati mwingine walisikika wakicheka bombani, kicheko kifupi kinachoogopa kusikika. Fiacre alinyoosha usukani uliopinda, akabadilisha kioo, akafanya kila kazi isipokuwa moja. Kisha asubuhi moja ya mawingu, mvua ikiwa bado inafikiri, alimtuma mtu kwa Dominique.

Dominique alikuja bila utani wowote. Waliiinua pikipiki juu ya magogo. Fiacre aliuchukua ufunguo, akauweka kwenye nati, akabaki hivyo, mgongo umeinama. Dominique alitazama kwingine, akajifanya anachagua kitambaa. Geneviève alitoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama.

Fiacre alifungua.

Nati haikupinga. Aliitoa, akaisukuma akse kwa kipande cha mti, ikatoka nzima, ndefu, imevaa grisi ambayo Paul aliipaka kwa kidole. Fiacre aliipeleka kwenye mwanga. Alitafuta alama ya kidole. Aliigeuza pole pole, upande hadi upande, na hakukuwa na alama. Grisi ilikuwa imeyeyuka kwa joto, ikaganda, ikameza vumbi, ikawa grisi tu, nyeusi, kama ya akse yoyote. Alikaa nayo mapajani kwa muda. Halafu akachukua kitambaa kutoka mkononi mwa Dominique na kuifuta, kwa sababu grisi yenye vumbi inakula chuma, na hilo pia alikuwa amemfundisha Paul.

Waligeuza vipande viwili, matundu yakatazama chini. Wakapaka grisi mpya. Akse ikaingia. Cheni ilibadilika mvutano, wakasogeza gurudumu hadi ikakaa. Haikuwa kazi kubwa. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, kama alivyojua tangu mwanzo.

"Ataendesha tena?" Geneviève aliuliza.

"Sijui, Mama Orly. Hiyo atasema mwenyewe."

Alikuwa ameitwa Mama Paul tangu ujana wake, na jirani zake waliendelea kumwita hivyo hata baada ya kaburi. Fiacre mwenyewe ndiye aliyebadilisha, bila kukusudia, huku mikono yake ina grisi. Geneviève alilipokea jina lile. Alifuta unga kwenye kitenge chake, akaja mbele ya pikipiki, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mwite basi," alisema.

Orly alikuja na mkono umefungwa kifuani. Alitazama nati, akaona imeng'aa, akaelewa. Waliishusha pikipiki toka kwenye magogo, na Dominique akapiga goti na utepe wa kupimia, maana safari hii Fiacre hakutaka kupima. Alitaka kushika. Alisimama nyuma ya mtoto wake, mkono mmoja kwenye mkia wa pikipiki, mwingine kwenye ubavu ulio mzima.

Orly alipanda kwa uangalifu, akaketi, lakini ncha za viatu vyake zilibaki zimegusa ardhi. Springi haikushuka. Alikuwa anajibeba mwenyewe, amekaza mapaja, kama mtu aliyeketi kwenye kiti ambacho mwenyewe ametoka kidogo na atarudi.

"Namba haisomeki hivi," Dominique alisema kutoka chini. "Hajakaa."

Fiacre aliusikia moyo wa kijana ukipiga kwenye kiganja chake, haraka, chini ya mbavu zilizohesabika. Aliinama hadi mdomo wake ukafika karibu na sikio la Orly, na alisema kwa sauti ambayo hata Geneviève, pale mbele, hakuisikia.

"Inua miguu, Orly. Nipe uzito wako tu. Niko nakushika."